Rubani wa Mchafukoge

Mwanangu aliponiachia kompyuta aliniambia niiuze. Alikuwa anaondoka kwenda kusoma Kanada, mabegi yako mlangoni, na kompyuta yenyewe ilikuwa imeteka meza yetu ya chakula tangu baba yake alipofariki. "Uza tu, Mama, itakusumbua." Sikuiuza. Mimi nimeuza vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo maisha yangu yote, na sipendi kufundishwa kuuza.

Hiyo ilikuwa miaka ya milango kufunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulishangaa kuona maduka yamefurika hadi barabarani: redio, viatu, vyombo vya plastiki, kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Bidhaa ziliingia, watoto wetu wakatoka. Katika jengo letu pale Mchafukoge, karibu kila mlango ulikuwa na mzee wake na simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa.

Mwanangu alikuwa akipiga kila Jumapili alasiri, kwa kadi ya simu. Tuliongea Kigujarati chetu cha Dar ambacho nusu yake ni Kiswahili, na katika lugha zote mbili hatukuwa na la kusema. Mzima? Mzima. Baridi? Ipo. Masomo? Yanaenda. Halafu tunasikilizana tunavyopumua mpaka mmoja aseme haya, basi. Zamani mzungumzaji wa nyumba alikuwa baba yake, mtu aliyeweza kupiga soga hata na nguzo ya umeme. Jumapili moja simu haikulia, nikaingiwa na hofu. Nilijua mambo yanavyokwenda. Mtoto wa jirani wa chini alianza kwa kuruka wiki moja, siku hizi anapiga Diwali tu.

Ndipo nikaiwasha ile kompyuta. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege aliokuwa akiucheza usiku na mchana, na ndege aliyoipenda ilikuwa kidude kidogo cha porini, cha kutua penye mawe na matope. Hakuiacha ilivyokuwa. Aliingia kwenye mafaili yake akabadilisha namba: akainenepesha matairi, akairefusha mbawa, akaitia injini ya ndege kubwa zaidi. Nilibonyeza nilichobonyeza, ikaunguruma, ikakimbia mzobemzobe na kuingia majanini.

Jumapili iliyofuata nikamwambia, "Ndege yako inavuta kushoto."

Hapo akauliza, "Umeiwasha?" Ilikuwa sauti nyingine kabisa. Akanieleza kwamba injini ina nguvu kuliko mwili, kwa hiyo ikianza tu kukimbia niibane kulia, kidogo kidogo, nisiikurupushe. Akanieleza kwa nini pua inaziba njia ndege ikiwa chini, na kwa nini nikikanyaga breki kwa pupa itapiga pua chini. Alisema mpaka kadi ikaisha. Niliweka simu chini nikarudi moja kwa moja kwenye kompyuta.

Basi nikawa rubani. Kila nikifunga duka napanda ngazi, naweka chai pembeni, naruka. Mara nyingine mgao wa umeme ulinikatia safari nikiwa juu ya Morogoro, skrini ikawa nyeusi, nikabaki na joto na kunguru wa barazani. Dar ya mle ndani ilikuwa uwanja wa ndege, bahari, na baada ya hapo rangi ya khaki tupu. Niliitafuta Kariakoo mara nyingi, haipo. Nilivuka Magogoni kwenda Kigamboni kufumba na kufumbua, sikusubiri pantoni, na ng'ambo hakukuwa hata na mbuzi. Nilikuwa naiona nchi yangu yote, na ndani yake nilikuwa mimi tu. Kuna siku nililia.

Jirani yangu wa duka, mama wa Kichagga anayeuza vitenge kwa jumla, alinibana. "Jirani, siku hizi huonekani hata ufukweni kula mihogo. Kulikoni?"

"Narusha ndege."

"Wee! Kwenda wapi?"

"Leo nataka kwenda kwenu, Moshi."

"Haya, nisalimie."

Kesho yake akauliza kama nilifika. Nikamwambia nilifika, mlima niliuona, ila watu hakuna. Alicheka mpaka akakaa juu ya marobota yake. Mimi sikucheka.

Masika yalipoanza nilikuwa najua kutua. Naipunguza injini, nashusha vibapa vya mbawa vya kuipunguzia mwendo, yale matairi manene yanagusa chini taratibu na ndege inasimama yenyewe. Nilitaka kumwambia mwanangu, nikajizuia. Nikishajua, atanifundisha nini? Kwa hiyo wiki nzima, huku nikiwahesabia mafundi vifungo, nilikuwa nafikiria Jumapili nitaanguka vipi. Nilianguka Mafia, nikaanguka Dodoma, nikatumbukia Ziwa Viktoria. Alinisikitikia kwelikweli, akanielekeza.

Halafu ikafika Jumapili moja nikamwambia nimepinduka Iringa wakati wa kutua.

"Mama, utakuwa umesahau kushusha magurudumu," akasema. "Ukiruka unayakunja, ukitaka kutua unayashusha."

Magurudumu ya ndege ile hayakunjwi. Yamefungwa palepale chini, na aliyeyanenepesha ni yeye.

"Baba," nikamwambia, "magurudumu haya hayakunjwi."

"Mama, ndege ile nimeshaisahau. Sijacheza tangu nifike huku, kompyuta sina. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka, sasa nabuni tu."

"Sasa kwa nini usiniambie?"

"Ukiacha kuirusha," akasema, "tutaongea nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia nyumba imekuwa kubwa mno, kwamba nalala na redio inasema, kwamba arudi. Nilitaka kumuuliza analala wapi, na kama kuna mtu hata mmoja huko anayemwita kwa jina lake. Yote yalikuja kwa pamoja. Hatujawahi kusemeshana hivyo, sijui mtu anaanzia wapi.

"Haya," nikasema, "hebu nielekeze tena. Nikifika Iringa nishushe vipi hayo magurudumu?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akaanza kunielekeza, polepole, makosa matupu, nami nikawa naitikia ndiyo, baba, ndiyo, mpaka kadi yake ikaisha.