App ya simu ilivyookoa makaburi ya wazazi wangu huku Mitaboni

Wakuu, habari zenu, pamoja na nyinyi mnaosoma kazini mkijificha bosi asiwaone.

Ninayowaletea leo niliyaona kwa macho yangu, shambani kwetu, mchana, majirani wakiwepo. Sitaongeza chumvi. Nikikosea mahali, mjue mambo ya teknolojia nayajua kwa kuonyeshwa tu. Shule niliiacha nikiwa Form Two.

Niliiacha kwa sababu baba alifariki, na kabla hatujazoea, mama naye akafuata. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilibaki na ndugu yangu Muthama na shamba la mteremko huku Mitaboni.

Muthama nilimsomesha kwa maharagwe na nyanya. Leo anafanya kazi ya ofisi na anaishi mjini, Syokimau. Mimi niko nyumbani, na sijuti.

Wazazi tuliwazika shambani, kama ilivyo desturi yetu. Wako upande wa chini, karibu na mparachichi.

Shida ilianzia hapo.

Kando ya makaburi kulianza kukatika korongo. Mwanzoni lilikuwa mfereji tu, mtoto angeweza kuuruka. Kila msimu wa mvua likazidi kula ardhi, likielekea kwa mama. Msimu uliopita lilichukua maua niliyopanda, na ukingo wa saruji ya kaburi ukabaki ukining'inia bila udongo chini yake.

Msidhani tulikaa tu tukiangalia. Wakamba tunajua kupigania udongo.

Tuko na mwethya, yaani kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi, leo kwako, kesho kwangu. Kila kiangazi walikuwa wanakuja kwetu na majembe tuchimbe mtaro wa fanya juu. Unachimba, udongo unaurusha upande wa juu, maji yakishuka yanazuiliwa.

Mtaro wetu ulifuata makonge aliyopanda babu. Huku hilo halina mjadala. Makonge hupandwa kwenye ukingo wa mtaro, kwa hivyo ukiona mstari wa makonge ya zamani, unachimba hapo. Hakuna anayeuliza.

Tukachimba. Korongo likapanuka. Tukachimba zaidi.

Mwaka huu baba mdogo akanipigia simu. "Nduku, hao watu wahamishwe kabla ya mvua. Mkingoja mtaokota mifupa mtoni."

Hakusema kwa ubaya. Ni ndugu yake aliyelala pale. Lakini niliwaza kumfukua mama yangu, nikakaa kwenye ndoo. Nilimwomba anipe mvua moja. Maji yakifika tena kwenye makaburi, nitakubali wahamishwe. Mpango sikuwa nao wowote. Nilitaka tu aache kuongea.

Siku ya mwethya Muthama akaja, simu mkononi, viatu vyeupe.

Mwenyekiti wetu ni Mama Mutuku, mama wa makamo ambaye akishika jembe wanaume huanza kuangalia mbali. Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Kijana wa Syokimau, umekuja kuchimba au kutupiga picha?"

"Mwaitu, nimekuja kupima kwanza," Muthama akamjibu kwa heshima. Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Pima. Sisi tutakuwa tukichimba."

Muthama alikuwa ameweka app fulani kwenye simu. Unatembea shambani ukiielekeza kamera chini, polepole, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Simu inasoma ardhi jinsi ilivyoinama. Ukimaliza, inachora mstari wa bluu juu ya shamba lako lenyewe, vile unaliona kwenye skrini. Kila mahali mstari huo unapita, ardhi iko usawa mmoja. Maji yakifika hapo hayana pa kukimbilia.

Niseme pia kwamba ilisumbua. Nyasi zikitikiswa na upepo inachanganyikiwa, inakwambia urudie. Na jua letu hili, skrini ilikuwa nyeusi kabisa. Ilibidi nivue leso niifunike, tukaingiza vichwa chini yake. Wamama wakaanza kucheka kwamba tunaoga.

Halafu wakaja kuchungulia.

Wakuu, sijui niielezee vipi. Nimelima shamba hilo tangu nikiwa msichana. Kila jiwe nalijua. Lakini chini ya leso ile nililiona kama sijawahi kukanyaga pale. Mstari wa bluu ulipita katikati ya mahindi makavu, ukazunguka kichuguu, ukaenda mbali kabisa na makonge. Ukisogeza simu, mstari unabaki palepale ardhini, kama umepakwa rangi.

Mstari wa makonge ulionekana umeinama. Kwa macho huwezi kugundua. Mwinamo wake ni mdogo sana, lakini ni wa upande mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Muthama akasema, "Sasa tumwage maji." Akagusa skrini upande wa juu wa shamba.

Matone yakatokea, ya kuchorwa tu. Yakateremka hadi kwenye mtaro wetu. Hayakusimama. Yalipinda, yakafuata mtaro wote, yakikusanyika njiani, mpaka kona ya mwisho. Pale yakamwagika yote kwa pamoja.

Kwenye makaburi.

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja akatoa kichwa chini ya leso, akaangalia kona yenyewe, akarudi kuangalia simu.

Mzee mmoja wa mwethya ndiye aliyekumbuka: babu hakupanda yale makonge kuzuia maji. Aliyapanda kama mpaka, wakati shamba lilikuwa bado kubwa, kabla halijagawanywa. Sisi tukadhani ni mtaro. Na kila mwaka tulipochimba kwa bidii zaidi, tulikuwa tunamfungulia mama njia pana ya maji.

Mama Mutuku ndiye aliyekuwa akiongoza kazi hiyo miaka yote. Akasema, "Simu haijawahi kushika jembe. Leteni mpira wa maji."

Kama hujui kipimo hiki, ni mpira mrefu unaopitisha mwanga, umejazwa maji. Watu wawili wanashika ncha, mmoja huku, mwingine kule. Maji husimama usawa pande zote mbili, hata uende wapi. Ni mbinu ya mafundi wa nyumba.

Tukaupima mstari wa bluu kwa mpira, sehemu baada ya sehemu. Pale simu iliposema ni sawa, maji yalisema ni sawa. Mahali pamoja tu vilitofautiana, na haikuzidi upana wa kidole.

Mama Mutuku akakung'uta mikono. "Haya, tuchimbe kwenye mstari huu. Na huu wa zamani tuufukie. Muthama, vua hivyo viatu, simu imemaliza kazi yake."

Akavivua. Hiyo ndiyo picha mimi nilipiga.

Mvua ilikuja Jumapili tukitoka kanisani. Nzito, ile ya kuzima sauti za watu. Mimi na Mama Mutuku hatukungoja ikatike. Tulienda shambani na nguo za ibada, tukiteleza, tumeshikana mikono kama watoto.

Mtaro mpya ulikuwa umejaa maji mekundu kutoka ncha hadi ncha, na yalikuwa yametulia. Niliokota jani la parachichi nikalitupa humo. Lilizunguka hapohapo, likakaa.

Tukashuka kwenye makaburi. Ardhi ilikuwa imelowa mvua ya juu tu. Ndani ya korongo hakukuwa na maji yanayokimbia, kulikuwa na vidimbwi.

Mama Mutuku alipiga ishara ya msalaba, akaniambia polepole, "Nduku, mama yako tulimtesa bila kujua."

Nilimshika mkono tu.

Jioni nikampigia baba mdogo, nikamweleza kila kitu. Akasema, "Basi waacheni walale."

Nilichojifunza ni kwamba bidii peke yake inaweza kukudhuru ikiwa mstari ulianza vibaya. Simu haikuchimba hata shimo moja. Ilituonyesha tu kitu kilichokuwa mbele yetu miaka yote, halafu mikono ikafanya kazi.

Muthama anasema hapa ni mwanzo tu. Anasema kutakuja vifaa vidogo vya kuweka mtaroni, mtaro ukijaa simu inakuita uko sokoni, na ukibonyeza, mlango wa maji unafunguka wenyewe. Zamani nikisikia watu wakiongea juu ya Konza, ule mji wa teknolojia unaojengwa, nilijua ni mambo ya majengo ya vioo. Siku hizi nawaza huenda wanatengeneza kitu cha mteremko wangu, na nasikia raha ya ajabu.

Nyinyi mnaozielewa app hizi, nielezeni simu inaionaje ardhi, kwa maneno ya mtu wa Form Two. Na wewe ambaye kwenu mna mtaro mnaouchimba kila mwaka na korongo halipungui, kabla hujashika jembe tena, tembea hadi mwisho wake. Halafu urudi hapa utuambie maji yenu yanamwagikia nani.