Kitambaa kwenye Chupa ya Nkulu

Siku Aruna alipomwona Nkulu mara ya kwanza, alidhani ni baba aliyebeba maiti ya mtoto wake. Alifika akisukuma baiskeli hadi mlango wa karakana, pale Manika, na nyuma ya baiskeli kulikuwa na kitu kilichoviringishwa blanketi na kufungwa kwa uangalifu. Alipolifungua blanketi, ikaonekana chupa kuukuu ya chuma, yenye kutu mabegani, ile ambayo wazamiaji hubeba mgongoni ili wapate hewa chini ya maji.

"Tata Aruna, batu banasema unatengenezaka chupa za bale ba kusude," alisema mgeni. "Hii ni ndugu yabo."

Aruna, fundi wa chupa za gesi za wachomeleaji, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliigonga kwa ufunguo, akasikiliza.

"Inalia muzuri. Ililala tangu wakati gani?"

"Tangu muzungu yangu alirudia kwabo."

Nkulu aliwahi kuzamia pamoja na mzungu huyo, wakisafisha vyuma vya bwawa la Nzilo. Siku hizi aliitwa tu pale maji yalipomchukua mtu. Na juma lile ziwa lilikuwa limemchukua Mukendi, mwana pekee wa Mama Fidélie. Mtumbwi wake ulipinduka, na wavu ukamnasa kwenye miti iliyozama zamani, mto Lualaba ulipozibwa. Viboya vya wavu vilionekana bado juu ya maji, vikionyesha mahali alipo. Mama yake alikuwa amekaa ufukweni, hali chakula, akisema hawezi kulilia mkeka mtupu.

"Basi chupa yako ipone," Aruna alisema.

Alitoa robine, ile vali ya mdomoni mwa chupa, akashusha ndani balbu ndogo kwenye waya. Kutu ilikuwa imetanda kama unga mwekundu. Aliweka vipande vya mnyororo na kokoto kavu, kisha wawili hao wakaivingirisha uani juu ya matairi mpaka mlio wake ukabadilika. Wakaisuuza kwa maji ya moto, wakaikausha ikiwa kichwa chini. Mwisho Aruna aliijaza maji, akayasukuma kwa pampu kupita nguvu ya hewa ambayo ingebeba, akapitisha kiganja chuma chote akitafuta jasho. Haikutoa jasho.

Zikabaki robine. Nkulu alikuwa nazo mbili, akaziweka juu ya gunia. Moja ilikuwa nyepesi na safi, ya kufungua na kufunga tu. Ya pili ilikuwa nzito, na ubavuni ilikuwa na mkono mdogo wa akiba. Mkono huo ukiwa juu, hewa inapokaribia kwisha pumzi huwa nzito. Mzamiaji huvuta ufito unaoteremka kando ya chupa, mkono unashuka, naye anapata hewa kidogo ya kurudi juu.

Aruna alichagua ile nyepesi. "Bitu bidogo ndani, hakuna cha kuharibika. Na hewa utaisoma ku saa yake ya kupimia."

Nkulu alivua kofia yake, akamfunika Aruna uso mzima.

"Soma saa sasa."

"Sioni kitu."

"Njo vile chini kule. Matope na miti. Mi naonaka na mikono."

Aruna akacheka chini ya kofia. Kisha akaifungua ile nzito, akasafisha kiti chake, pale inapozibia hewa, akabadilisha springi, akaijaribu mpaka akaridhika.

"Ni wewe ulifunga robine," Nkulu alisema. "Ni wewe utanigusa mugongo mbele ya kuingia. Ni desturi yangu."

Aruna aliyaogopa maji, lakini alikwenda.

Ufukweni, chupa ikiwa imejazwa kwa mashine ya kale ya mzungu, alipandisha mkono wa akiba, akagusa mgongo wa Nkulu. "Iko juu."

Hapo Mama Fidélie akainuka. Kwao, anayekwenda kumchukua marehemu hufungwa kitambaa kilichochanwa kwenye nguo ya mfiwa, na hakuna mwingine ila mfiwa anayeruhusiwa kulifungua fundo hilo. Hufungwa mkononi. Lakini Nkulu alikuwa amejipaka mafuta ya mawese kwa ajili ya baridi, na kitambaa kikawa kinateleza. Mama akakizungusha kwenye chupa, akakaza kwa nguvu zote za uchungu wake. Nkulu hakuona. Alikuwa ameshaanza kuingia majini.

Aruna aliona. Ufito ulikuwa chini ya fundo.

Wanawake waliimba. Alitazama miguu yake. Kisha akajikuta ndani ya maji hadi magotini, vidole vyake vinafungua fundo.

"Eh! Huyu muntu iko na kichwa kweli?" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Unafungula kilio ya mwenzako?"

"Mama, unisamehe," Aruna alisema. "Umefunga hewa yake. Atavuta, haitatoka."

Mama Fidélie aliutazama ule ufito. Kisha akaja, akakichukua kitambaa kutoka mikononi mwake, akakifunga upya kwenye kifundo cha mguu wa Nkulu.

"Aruna," Nkulu alisema, "hata muke yangu hajanivua mbele ya batu hivi."

Akazama. Alikawia. Alipotokea, alikuwa amemshika Mukendi, na mkono wa akiba ulikuwa chini.

Baada ya hapo walikuwa ndugu. Miaka ikapita, kifua kikamlaza Nkulu hospitalini. Aruna alimkuta amekonda, na Odile, mkewe, amemfunga kitambaa cha nguo yake mkononi, fundo maradufu. Alikaa, macho yake yakabaki kwenye lile fundo.

Nkulu akaona anapotazama. Akatabasamu.

"Hii uiache, ndugu yangu. Leo sina cha kuvuta."