Samaki Wenye Miwani

Mke wa mwanangu alifika kwetu Sindo, kando ya ziwa, kutoka Nairobi na kitabu kimoja na maneno mengi. Mjukuu wangu wa miaka sita nimemlea tangu aache kunyonya, na ni huyohuyo mama yake aliyeniletea. Sasa alitaka kumchukua, eti hapa kwangu hakuna wa kusoma naye.

"Mama, jaribuni hiki mpaka Desemba. Asipojua kusoma, nitaenda naye. Wewe mwonyeshe tu picha."

Aliyasema polepole, kama anayeongea na kiziwi. Mimi nilifika darasa la tatu. Herufi nazijua, sikuzitupa ziwani.

Nikakifungua. Msichana anafungua kitabu, ziwa linamwagika kutoka ndani, samaki wanatoka wamevaa miwani. Aliyemchora yule ngege hajawahi kuparua samaki hata siku moja: magamba yote yameelekea kichwani. Na wavuvi je? Wanne, wamekaa upande mmoja wa mashua, wanasoma. Mashua ya hivyo ingepinduka kabla hawajafunua ukurasa wa pili. Chini yao mstari mmoja: Wavuvi wanasoma. Basi! Hawana majina, hawana kwao.

"Dani, hawa ni akina nani?" mjukuu akauliza; dani ndiyo nyanya kwetu.

"Kitabu hakijui."

"Na wewe, nyanya mzima, huwajui?"

Mimi jina la mtu halinipotei. Kila aliyeanika omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye ufuo wetu tangu nilipoolewa namjua, mzima na marehemu, pamoja na jina la mama yake. Hapa siwaandiki, si wenu.

Basi kila alasiri, omena zikiwa zimetandazwa juu ya nyavu na sisi tukifukuza kunguru, nilisoma mstari wa kila ukurasa kwa kidole, naye akaurudia kwa kidole chake. Kisha tukawapa watu wale majina. Mvuvi mnene akawa baba mkwe wangu, aliyevua maisha yake yote akiogopa maji. Aliyeshika kasia kinyume akawa shemeji yangu, na hilo mchoraji alilipatia kwa bahati tu. Samaki mwenye miwani mikubwa akapewa jina la karani wa ufuoni, yule aliyepima samaki wetu huku kidole chake kimelala kwenye mizani.

Desemba mama mtu akaja na begi tupu la kutilia nguo za mtoto. Akampa kitabu. Mtoto akaanza: huyu ni fulani mwana wa fulani, alioa kutoka Ndhiwa, aliogopa maji.

"Hayo hayajaandikwa hapo." Akanigeukia kama aliyekamata mwizi wa kuku. "Mama, umemfundisha porojo."

Mtoto akamshangaa. "Yaliyoandikwa ni haya." Akaweka kidole, akasoma, akafunua, akasoma, mpaka jalada la mwisho, hakukwama hata mara moja. "Ni kidogo tu, mama. Ndiyo maana dani anaongeza."

Mke wa mwanangu akakichukua kitabu. Akakirudia mwenyewe, akakomea kwenye ukurasa wa ile mashua.

"Huyu mnene ulisema ni nani?"

Miaka tisa ameolewa, na babu wa mumewe hamjui kwa jina.

"Mwulize mwanao," nikamwambia. "Atakueleza polepole."

Nikaenda kugeuza omena. Lile begi alirudi nalo Nairobi, na ndani yake mikebe miwili ya gorogoro iliyojaa omena zangu.