Folda Iliyoitwa Shimo

Hapa kiwandani, kwenye chumba kilicho nyuma ya mitambo ya uchapaji, mwenzetu mmoja tunamwita Nukta. Jina nilimpa mimi ninayepanga kurasa, siku aliponirudishia kitabu kizima cha hesabu kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Nilimnunia kutwa. Kazi yake ni kusoma kila kinachokwenda kuchapwa, na hasomi kama watu wengine. Hupita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu, midomo ikichezacheza, wala haruki neno.

Mtu wa namna hiyo ukimwandikia matusi, umemuua. Aliyekuwa mumewe alilijua hilo. Walipoachana, binti yao alibaki kwa baba, mji wa mbali, kwa sababu ya shule, na kila asubuhi bwana yule alimletea Nukta barua pepe ya masimango. Mama gani wewe. Mama jina tu. Nukta alifungua kompyuta, akasoma mpaka mwisho, kisha akakaa tu, chai ikipoa mbele yake. Damu ilinichemka, lakini ya watu ni ya watu, nikafyata ulimi.

Mwishowe akatengeneza kichujio. Aliingia kwenye mipangilio ya barua pepe yake, akaandika anwani ya yule bwana, akachagua: isije kikashani kwenye barua zinazoingia, ihesabiwe imesomwa, ipelekwe kwenye folda. Folda akaiita Shimo.

"Umemfukia?" nikamuuliza.

"Nimemfukia, na udongo nimeushindilia."

Tukacheka. Uso wake ukaanza kurudi, na siku nyingine nilimsikia akiimba. Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni. Binti alikuwa akimpigia kila Jumapili kwa simu ya shangazi yake, lakini shangazi alisafiri kikazi, na simu ya baba haikupokelewa. "Wifi yangu akirudi tutaongea," alikuwa akijipa moyo.

Wifi akarudi, akapiga saa za kazi. Sauti yake niliisikia pale pale nilipoketi.

"Wifi, una roho gani we? Mtoto anakuandikia mpaka amechoka, humjibu!"

"Ananiandikia wapi?"

"Si kwa barua pepe ya baba yake! Kwani yeye ana yake?"

Kalamu ikamdondoka. Kichujio hakijui nani amekaa mbele ya kompyuta. Kinajua anwani, na anwani ilikuwa moja.

Akafungua Shimo. Barua zilikuwa zimejipanga tele, zote zikihesabiwa zimesomwa, na kwa nje huwezi kujua ipi ya nani. Ikambidi aanze na ya zamani kabisa, ayasome matusi yote aliyoyafukia, ili amfikie mwanawe. Ya kwanza ya mtoto ilisema: "Mama, Baba kaniruhusu nitumie yake. Amesema hutajibu. Mimi nimesema utajibu." Matusi, matusi. Kisha: "Mama, uko safarini?" Matusi tena. Kisha: "Mama, kama ni ile sahani niliyovunja, nisamehe." Baada ya hapo mtoto hakuandika tena.

Nukta akairudia ile ya sahani, neno kwa neno. Mimi nilimchukia yule mwanamume. Alishaona yeye hajibiwi, ndipo akamwachia mtoto aandike.

"Tutengeneze kingine," nikasema, mimi hodari wa mambo ya watu. "Barua yenye neno 'mama' ije kikashani, nyingine zibaki huko huko."

Akalitafuta neno hilo ndani ya Shimo. Zikaja zote. Baba hakuwa na hata barua moja isiyo na "mama gani wewe."

"Basi niwe nakusomea mimi kwanza."

"Wewe unaruka maneno," akasema, wala hakuwa akitania.

Akakifuta kichujio. Hakutaka kungoja simu ya Jumapili; akamwandikia mtoto kwa anwani ile ile, akijua fika nani anaweza kuisoma kwanza. Akamwambia hakukasirika hata kidogo, barua hakuziona, na anampenda.

Asubuhi yake zilikuwapo mbili kikashani. Akafungua ya juu. Ilikuwa ya baba, ndefu, na akaisoma yote. Ya pili ilikuwa fupi: "Baba anasema si wewe, ameandika mtu mwingine. Kama ni wewe, ile sahani ilikuwa rangi gani?"

Nukta akajifuta macho kwa kiganja, akaandika bila kuinua kichwa: "Kijani. Na hukuivunja wewe, mwanangu. Ni mimi niliyeiweka ukingoni mwa meza."