Kupanda Kabla ya Dani

Juzi niliingia duka la pembejeo kumnunulia mama mbegu za nyanya, harufu ikanisimamisha mlangoni. Ilikuwa ile dawa ya rangi ya waridi inayopakwa mbegu za mahindi: kali, chungu kidogo, inayobaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni mara mbili. Muuzaji aliniuliza nataka nini, nikamwomba asubiri. Ghafla nilikuwa tena kijijini Ndhiwa, nina miaka tisa.

Baba alikuwa mwinjilisti, na likizo ile ya Aprili alinichukua kutoka kwetu Taveta nikakae naye mwezi mzima katika boma la mjane mmoja aliyejitolea kutupokea. Watu wote walimwita Dani, yaani bibi, nami nikafuata. Alitupa nyumba ndogo ya kitinda mimba wake aliyekuwa Nairobi, na kila asubuhi alituletea uji mchachu wa mtama ambao baba aliusifu kuliko alivyounywa. Mchana Dani alihudhuria mafunzo ya ubatizo ya baba. Wanafunzi walikuwa wanne tu, na ni Dani peke yake aliyeuliza maswali. Nadhani nilimpenda kwa sababu hiyo. Kwetu mimi niliambiwa nimezidi maswali.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Iliponyesha hatimaye, Dani alikuwa Oyugis kwenye matanga ya dada yake. Kwa siku mbili niliwatazama wanawe, Odhiambo na Okello, wamekaa na majembe yao wakipiga gumzo, udongo umelowa vizuri, na hakuna anayepanda hata punje.

"Kwa nini hampandi?" nilimuuliza Odhiambo.

"Tunangoja Mama."

"Yeye ndiye atapanda shamba lote?"

"Ataanza. Halafu sisi."

"Na akikaa wiki?"

"Basi tutakaa wiki. Enda uulize kuku maswali."

Jibu hilo halikuniridhisha. Mfuko wa mbegu za Dani ulikuwa chini ya kitanda chetu, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo haikuvuja. Nilichota konzi moja ya punje zile za waridi, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachimba mistari miwili na kufukia mbegu thelathini na mbili. Nilitaka Dani akirudi akute kazi imeanza. Niwaambie ukweli, nilitaka pia kuwaonyesha wale wawili.

Alirudi Alhamisi. Nilimshika mkono nikampeleka kuona. Hakunigombeza. Aliketi chini pale pale, bado na nguo zake za matangani, akaitazama ile mistari.

Ndipo nilipoelezwa. Mwenye boma ndiye hufungua msimu. Akitanguliwa, chira huingia, yale maradhi ya kukonda yanayofuata mwiko uliovunjwa, na yanaweza kumpata yeyote, hata mjukuu. Dawa yake ni mitishamba ya mganga. Na wiki nzima baba alikuwa amefundisha kwamba anayekunywa mitishamba hiyo hawezi kubatizwa. Ubatizo ulikuwa Jumamosi, mtoni.

Odhiambo alijaribu kufanya mzaha. "Sasa mwenye boma ni huyu wa Taveta. Si utuambie tuanzie wapi, mzee?" Okello hakucheka. Mke wake alikuwa amesimama pembeni na mtoto mchanga mgongoni.

"Mwalimu," Dani alimwambia baba, "mimi nimeyaamini maneno yako. Lakini hawa hawajayaamini. Nikikataa dawa, hawatapanda. Nikiinywa, wewe utaniacha kando ya mto."

Nilimwangalia baba nikingoja sauti yake ya mahubiri. Hoja zake zote nilizijua, na nilijua angeshinda. Badala yake alinigeukia.

"Ulipanda ngapi?"

Nikamwambia. Alikunja suruali, akapiga magoti kwenye tope na kuanza kuzifukua moja moja kwa vidole, akiziweka ndani ya kofia yake. Zilikuwa zimevimba. Nikapiga magoti kando yake.

"Baba, si ulisema chira haipo?"

"Haipo."

"Sasa?"

"Shamba ni la nani?"

"La Dani."

"Basi chimba. Zikitoka zote, yeye ndiye ataanza."

Tulipata thelathini na moja. Baba alipekua hadi pakaonekana kama nguruwe wamelala pale, na wale ndugu wawili wamesimama wakihesabu pamoja nasi. Dani akainama, akatazama, kisha akasema, "Mwalimu, inuka. Hiyo moja imeliwa na kuku." Akachukua jembe la Odhiambo, akaingia shambani, akapanda mstari wa kwanza. Odhiambo akafuata, halafu Okello. Jumamosi Dani alizamishwa mtoni, akatoka akicheka na kutetemeka kwa baridi.

Mimi niliona aibu kwa ajili ya baba. Nilidhani ameshindwa mbele za watu, na nilipokuwa chuo kikuu niliitumia hadithi hii kuthibitisha kwamba hata wahubiri hawaamini wanachohubiri. Mwaka jana nilimwambia hivyo usoni. Hakukasirika. "Ningeushinda ule ubishi," alisema, "angepata ubatizo, halafu arudi kuishi na nani?"

Siku hizi siendi kanisani, wala siogopi chira. Lakini ninayemfikiria zaidi ni Dani. Hakuna kuku aliyeparura nyuma ya ile nyumba. Nilikuwa nimepiga magoti pale, na kabla hatujachimba udongo ulikuwa kama nilivyouacha. Kwa sheria ya boma, mbegu moja iliyobaki ardhini ni sawa na thelathini na mbili. Hilo yeye alilijua kuliko sisi sote, na wanawe walikuwa wakimtazama usoni. Alisema ni kuku, akashika jembe.