Kitambi cha Ukuta wa Bwana Tomlin

Sedekia alikuwa ameshaubomoa ukuta ule mara mbili, na mara zote kwa kosa moja tu: ulikuwa umenyooka.

Hebu fikiria, jamani. Mtu amejenga kwa mawe miaka kumi na tisa, kuanzia Uyole mpaka Ilula, hajaambiwa hata siku moja kwamba ukuta wake umelala. Sasa mwaka huu wa 1954 anatokea Bwana Tomlin, mwenye shamba la pareto, na picha ya nyumba ya babu yake huko Uingereza. Nyumba ya mawe, vidirisha vidogo kama vya ghala, paa la mteremko mkali, na ukuta wa mbele umeota kitambi. Anataka vivyo hivyo, na kitambi chake.

"Bwana, huo si ujenzi," Sedekia alimweleza. "Ni uzee. Nyumba imechoka."

"Miaka mia tatu," Mzungu akajibu kwa fahari. "Fanya kama picha."

Basi akafanya, huku roho inamuuma. Timazi yake, ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, akaitia mfukoni, akajenga kwa macho, akifunga mawe marefu kwa ndani ili kitambi kisije kuporomoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyoosha, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Ustadi wote ule, kuutumia kuharibu!

Jumamosi wakaja wazee wa kanisa. Walitafuta fundi wa kujenga kanisa jipya la mawe, kazi ambayo Sedekia aliililia kwa miaka, na desturi yao ilikuwa kuipima kazi ya mwisho ya fundi kwa timazi yao wenyewe. Mzee Eliezeri akaishusha kamba toka juu. Ikagusa kitambi, na chini timazi ikaning'inia shibiri nzima mbali na ukuta.

"Nimeagizwa niupinde," Sedekia akasema.

"Na nani?"

"Mwenye nyumba."

Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Bwana Tomlin alikuwa safarini Iringa, na picha ameondoka nayo.

"Sote tunazeeka, Sedekia," Mzee Eliezeri akasema kwa upole. "Kanisa tutampa fundi Jailos."

Nyumbani akamsimulia mkewe, Damari, yote tangu mwanzo: picha, babu, kitambi, timazi. Damari alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akasogea karibu, akamshika mkono.

"Baba Tupokigwe," akauliza taratibu, "macho yameanza kukusumbua tangu lini?"