Mpira wa Saa Kumi

Baba yangu aliangalia mechi moja kila siku kwa karibu mwaka mzima. Kila siku timu yake ilishinda dakika za mwisho, na kila siku alishangaa upya.

Mechi yenyewe ilikuwa imerekodiwa kwenye king'amuzi chake cha kulipia, kile kikubwa cha zamani chenye uwezo wa kuhifadhi vipindi, ambacho kilikuwa kinapata moto mpaka paka wa jirani akaamua kwamba hapo ndipo pake pa kulala. Alikinunua alipostaafu ukarani bandarini, akahama Temeke na kuja kuishi Madale kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyerudi kukaa na baba. Ndugu zangu walikubaliana upesi sana kwamba ninafaa mimi, eti kwa kuwa sina mume wa kumwacha. Sitajifanya hapa kwamba nilirudi kwa moyo mweupe.

Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Yalianza majina ya majirani, ikafuata njia ya dukani, mwisho nikafuata mimi. Asubuhi nikimwambia, "Shikamoo baba," alijibu, "Marahaba, nesi," kwa adabu zote, halafu akaniuliza zamu yangu inaisha saa ngapi. Mbele yake nilicheka. Kulia nilikuwa nalilia jikoni.

Lakini ikifika saa kumi jioni hakuhitaji kukumbushwa. Alivaa kofia yake ya timu, akaketi pembeni kabisa ya kochi la watu watatu, upande wa kushoto, na kuniambia, "Nesi, washa, wanaingia uwanjani." Kochi zima lilikuwa lake, naye amejibana pembeni kama mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Niliwahi kumwambia asogee katikati akae kwa raha. Hakusogea.

Kifurushi kilikuwa kimekwisha siku nyingi na hakuna aliyekilipia tena. Chaneli zote zilijifunga, ila kilichorekodiwa kilikuwa bado kinacheza, na humo ndani ilikuwa imebaki mechi hiyo peke yake. Nilijua mtangazaji atakohoa wapi. Nilijua mshika kibendera atakinyanyua lini na nani atamtukana. Dakika ya themanini na nane inapigwa kona kutoka kulia, beki anaruka juu ya wenzake, goli. Hapo baba alisimama kwa miguu yake ile mibovu, akanyoosha kiganja hewani upande wake wa kulia, akacheka mpaka machozi. Baada ya hapo alikuwa mchangamfu jioni yote, na chakula alikimaliza. Hilo la chakula nililiona, lakini sikulitia maanani.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka taarifa ya habari. Nilitaka tamthilia yoyote ile, hata ya mapenzi ya kipuuzi, ilimradi nisijue mwisho wake. Nilianza kuichukia ile mechi, na kuna siku nilimchukia hata yule beki, mtu ambaye hajanikosea chochote.

Kanisani mama mmoja akaniambia kuna fundi mmoja kule Boko anayevigeuza ving'amuzi vya zamani vikakamata chaneli za bure. Fundi akaja Jumamosi asubuhi, mtu mzima mwenye kipara, na ngazi yake mwenyewe. Alimwamkia baba, akakipuliza king'amuzi vumbi, akakichomeka na kuchungulia.

"Sista, hii kitu nzima kabisa," akasema. "Watu wanatupaga tu vitu vizuri. Nageuza dishi kwa setilaiti nyingine, nakianzisha upya, unapata chaneli za bure kibao. Ila nikikianzisha upya, vilivyorekodiwa vyote vinaondoka. Kuna cha maana humu?"

Akafungua orodha. Ulikuwepo mstari mmoja tu, mechi na tarehe yake. Tarehe niliiona.

"Hamna," nikasema. "Mpira wa zamani tu."

"Basi kikiuliza una uhakika, we bonyeza ndiyo. Mie napanda juu."

Kikauliza. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, na baba alikuwa amekaa palepale pembeni ya kochi, amefurahi kupata mgeni. Nikawaza, atasahau. Mtu aliyemsahau mwanawe wa kumzaa, atashindwaje kusahau mpira? Nikabonyeza.

Kutafuta uelekeo wa dishi ni kazi ya watu wawili, mmoja juu ya bati na mwingine mbele ya televisheni. Enzi za antena kule Temeke, baba ndiye aliyekuwa anapanda, na mimi mtoto nilikuwa ndani nikipiga kelele. Sasa fundi alipouliza kutoka juu, "Vipi?" nilikuwa sijafungua mdomo, baba akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miezi mingi, "Bado!"

"Vipi hapo?"

"Bado!"

"Na sasa?"

Ikaja kwaya, imevaa sare za zambarau. Baba akapiga makofi. "Hapo hapo! Usiguse!"

Tulicheka wote watatu. Maskini baba yangu, alisaidia kazi ya kumnyang'anya mpira wake, na mimi nikamwacha asaidie.

Saa kumi ilipofika, akavaa kofia.

Nilimwekea mpira mwingine kutoka chaneli za bure, wa watu wa nchi za baridi, unaotangazwa kwa lugha nisiyoijua. Akaangalia kidogo, kwa heshima. "Hawa siyo sisi," akasema. "Nesi, weka mpira wetu." Nikamdanganya kwamba umeahirishwa kwa sababu ya mvua. Akageuka akatazama dirishani, jua linawaka. "Mvua ya wapi?" akauliza.

Kesho yake akaivaa kofia. Keshokutwa akaivaa. Wiki ya pili alianza kuivaa saa nane. Jina langu lilimtoka, kaburi la mkewe liko wapi lilimtoka, lakini saa kumi haikumtoka. Chakula akawa anakiacha nusu, kisha akawa anakisogeza tu kwa kijiko na kunirudishia sahani. Nilikuwa nimekosea vibaya, na nililijua hilo kila nilipomwaga wali wake.

Nilimpigia fundi. "Sista, si nilikuuliza?" akasema kwa upole. "Ikishafutika imefutika." Hakuwa na kosa lolote, nami nikamkatia simu kana kwamba analo. Nilihangaika mtandaoni nikapata goli peke yake, sekunde chache, wachezaji wadogo kama siafu. Baba aliishika simu kidogo, akanirudishia. "Mwenyewe atakuwa anaitafuta," akasema.

Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nilizima televisheni nikavuta stuli mbele yake.

"Leo picha imegoma, baba. Tunasikiliza redioni."

Akainamisha kichwa, akatega sikio. Nikaanza kutangaza. Yote nilikuwa nayo kichwani, majina ya wachezaji, mshika kibendera, hata kikohozi nilikohoa palepale pake. Nilipokosea mpira wa kurusha, baba alitikisa kichwa. Kidogo kidogo uso wake ukaanza kurudi, na mimi niliyeichukia mechi ile nikawa naitangaza kwa mapenzi, natamani isiishe. Dakika ya themanini na nane nikapiga kona, nikamrusha beki, nikapiga kelele za goli mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Baba akasimama. Akanyoosha kiganja hewani, upande wake wa kulia.

Miezi yote ile nilidhani anawapungia mashabiki. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba kiganja kile kinasubiri mtu akigongee. Niliruka kutoka kwenye stuli, nikakaa katikati ya kochi, nikamgongea.

Furaha ikamtoka usoni papo hapo. Akashusha mkono.

"Nesi," akasema, taratibu, asije akaniudhi, "hapo pana mwenyewe. Ametoka mara moja kuangalia wali."

Nikainuka. Ile tarehe niliyoiona kwenye orodha ikanirudia yote, na siku yake. Ilikuwa Jumapili, wiki tatu kabla hatujamzika mama. Mama ambaye hakujua kona wala penalti, ambaye mpira ukianza alikuwa anachukua ufagio.

"Anapenda mpira?" nikamuuliza.

"Hapendi hata kidogo," baba akasema, na akatabasamu. "Ila lile goli alinigongea." Akaketi tena pembeni, akapangusa kwa kiganja ile nafasi iliyo wazi, nafasi niliyokuwa nimeikalia. "Hebu mwite, nesi. Mwambie aje upesi, mpira unakwisha."

Nikaenda jikoni. Nilikifunika chakula chake, nikakifunua, nikakifunika tena. Nilishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili ili kilio kisitoke na sauti.

"Vipi?" baba akaita kutoka sebuleni.

"Bado, baba," nikajibu. "Bado."